Ala Inayolia Bila Kuitwa Jina

Komredi, kabla hujafungua ukurasa mwingine, fanya zoezi hili dogo. Toa simu, vaa spika za masikioni, utafute wimbo wa Tammy Wynette uitwao "Stand by Your Man", wa mwaka 1968. Kama huujui, mpigie mama au shangazi, yeye anaujua. Usisikilize maneno. Sikiliza kile kinachopenya nyuma ya sauti ya mwimbaji na kumjibu anapotua: mlio mrefu, laini, unaopanda kwa kuteleza kama mtu anayelia kwa heshima. Umeusikia? Haya, niambie ni ala gani.

Nimewauliza watu wengi swali hili hapa kampasi na majibu yao yangejaza ukurasa huu. Wengine walisema ni fidla. Wengine, kinanda. Mmoja alisema ni mwanamke wa pili anayeimba mdomo ukiwa umefungwa. Tunayeishi naye chumba kimoja alinijibu bila hata kutoa macho kwenye simu: "Hiyo ni kompyuta, bro." Mwaka 1968, kompyuta!

Jibu ni gitaa. Tena gitaa linalopigwa kwa mikono miwili, miguu miwili na magoti mawili kwa wakati mmoja. Kwa jina refu ni gitaa la chuma lenye pedali. Mimi nitaliita gitaa la pedali. Aliyelipiga katika wimbo huo anaitwa Pete Drake. Mwaka uliofuata alipiga pia katika "Lay Lady Lay" ya Bob Dylan, na mwaka 1970 akaenda London kupiga katika albamu ya George Harrison aliyekuwa wa Beatles. Mamilioni ya watu wamemsikia. Waulize wangapi wanamjua.

Nasomea ualimu, kwa hiyo mtanivumilia nikilifanya jambo hili kuwa somo. Hoja yangu ni fupi: sikio hupita juu ya kitu ambacho halijapewa jina lake, na mtu asipotajwa, kazi yake huhesabiwa ya mwingine. Gitaa hili ni mfano mzuri wa yote mawili.

Meza yenye nyuzi

Ukiliona kwa mara ya kwanza utadhani ni meza nyembamba ya kupigia pasi. Lina miguu minne, limelala chali, na mpigaji huketi nyuma yake kama karani. Juu kuna nyuzi 10. Mengine yana shingo mbili, yaani nyuzi 20. Chini kuna pedali, kwa kawaida tatu au zaidi, zilizounganishwa na nyuzi kwa vyuma vyembamba. Kando ya magoti kuna nyenzo ambazo mpigaji husukuma kwa goti kwenda kushoto, kulia au juu.

Neno "chuma" katika jina lake linachanganya watu. Halitokani na mwili wa gitaa wala nyuzi zake. Linatokana na kipande cha chuma cha mviringo, kizito, kilicholainishwa, ambacho mpigaji hushika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi. Hakandamizi nyuzi kwa vidole kama tunavyofanya kwenye gitaa la kawaida. Ile mistari unayoiona shingoni ni ya kuongoza macho tu. Akikosea kwa upana wa punje ya mchele, noti imepotea. Mkono wa kulia unang'oa nyuzi kwa kucha za bandia, moja ya plastiki kwenye dole gumba na mbili za chuma kwenye vidole vinavyofuata.

Mguu wa kushoto unakanyaga pedali. Mguu wa kulia una kazi yake peke yake: kupandisha na kushusha sauti kwa pedali nyingine. Hapa ndipo siri ya kwanza ilipo. Mpigaji anaweza kung'oa uzi sauti ikiwa chini, kisha akaifungua polepole. Ule mkwaruzo wa mwanzo, ambao ndio hutuambia kwamba hili ni gitaa, haufiki masikioni. Kinachofika ni noti inayochipuka kutoka kimya, kama ya fidla. Basi waliosema fidla hawakuwa mbali.

Kodi isiyo ya KRA

Siri ya pili imo kwenye pedali zenyewe, na hii utaielewa vizuri ukiiimba.

Kodi, katika lugha ya wapiga gitaa, ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Mliopitia kwaya ya shule mnajua do-mi-so. Tafuta wenzako wawili. Wa kwanza ashike do, wa pili mi, wa tatu so. Mkishatulia, wa do abaki pale pale. Wa mi apande hadi fa, ambayo ni nusu hatua tu. Wa so apande hadi la, hatua nzima. Msiruke, telezeni. Kwa muda mfupi sauti zitagongana, halafu zitatua pamoja mahali papya.

Mimi nilijaribu na wanakwaya wawili nyuma ya ukumbi wa mihadhara. Mlinzi aliyekuwa akipita alisimama, akatuangalia, akauliza: "Vijana, nani amefiwa?" Nikajua tumepatia.

Hicho mlichoimba ndicho hasa gitaa la pedali linachofanya. Katika namna ya kukaza nyuzi inayotumika zaidi, pedali moja huvuta uzi wa mi hadi fa, nyingine huvuta uzi wa so hadi la, na do haiguswi. Kile kipande cha chuma kimetulia mahali pamoja muda wote. Kwa gitaa la chuma lisilo na pedali huwezi kufanya hivyo. Ukitelezesha chuma, noti zote zinasonga pamoja, kama abiria wa matatu: dereva akikata kona, nyote mmekata kona. Pedali inamruhusu abiria mmoja kushuka huku wenzake wakibaki vitini.

Kwa nini mlio huu unagusa moyo? Nadhani ni kwa sababu unafanya kile ambacho sauti ya binadamu hufanya ikizidiwa. Mtu anayelia haruki kutoka noti hadi noti. Huteleza. Na katika kuteleza, kitu kimoja ndani yake kinabaki pale pale kikishikilia.

Mwanafunzi wa Laie

Sasa tuje kwenye umiliki. Waulize watu gitaa hili ni la nani na watakuambia ni la wachunga ng'ombe Wazungu wa Marekani, wale wa kofia pana. Hapana. Limetoka Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, na lilianza kwa mwanafunzi.

Gitaa la kawaida lilifika Hawaii katika karne ya 19 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico na mabaharia. Wahawaii wakalibadilisha: wakalegeza nyuzi ili zikipigwa wazi zitoe kodi kamili. Joseph Kekuku alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu. Inasimuliwa kwamba mnamo 1889, akiwa mwanafunzi wa miaka kama 15 katika shule ya Kamehameha, alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa alilolilaza mapajani. Alitumia miaka kadhaa kuikamilisha mbinu hiyo. Hakuna mwalimu aliyeiandika kwenye andalio la somo.

Angalia miaka iliyofuata. Mwaka 1893 malkia wa Hawaii, Liliuokalani, alipinduliwa kwa njama za wafanyabiashara na wenye mashamba waliotaka visiwa hivyo viwe chini ya Marekani. Mwaka 1896 serikali mpya ilitunga sheria ya kufanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Sisi tuliopita shule ambazo mtoto huvalishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama tunaweza kujaza yaliyobaki. Lugha yao ilipokuwa ikitolewa darasani, mlio wao ulikuwa ukipanda meli. Kekuku aliondoka Hawaii mwaka 1904, akazunguka Marekani na Ulaya akipiga na kufundisha. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Wamarekani wakashikwa na homa ya muziki wa Hawaii, na gitaa la kulazwa mapajani likaingia majumbani hadi vijijini kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa roki watashangaa kulisikia. Gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, lililotolewa mwaka 1932 na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker, halikuwa la kusimama nalo jukwaani ukiruka. Lilikuwa la kulazwa mapajani, mtindo wa Hawaii. Kwa umbo lake la duara na shingo ndefu, watu waliliita kikaango.

Kutoka mapajani hadi miguuni

Pedali zilikuja baadaye. Mafundi kadhaa walikuwa wamezijaribu, lakini wapigaji wengi walizitumia kubadilisha kodi kati ya noti, kimyakimya, kama dereva anayebadilisha gia. Kilichogeuza mambo ni wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, uliovuma mwaka 1954. Mpigaji wake, Bud Isaacs, alikanyaga pedali wakati nyuzi bado zinalia. Msikilizaji akasikia noti zikipinda ndani ya kodi. Wapigaji waliokuwa wakitumia gitaa la mapajani walijaribu kuiga kwa kutelezesha chuma, wakashindwa, wakaanza kuwatafuta mafundi wa kuwawekea pedali.

Kwa Isaacs pedali moja ilivuta nyuzi za mi na so kwa pamoja. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 kijana Buddy Emmons akazitenganisha, kila uzi na pedali yake, ndiyo maana leo mpigaji anaweza kupandisha mmoja, kutulia, kisha kupandisha wa pili. Ni hatua ndogo ya kiufundi, lakini jaribu lile zoezi letu la kwaya kwa mpangilio huo, kwanza fa kisha la, na utasikia tofauti yake.

Kanisani na Lagos

Kama hadithi ingeishia Nashville, ningeelewa kwa nini makomredi wanaicheka kantri na kusema ni muziki wa wazee. Lakini haikuishia hapo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, ndugu wawili weusi, Troman na Willie Eason, waliingiza gitaa la chuma katika ibada za kanisa la Kipentekoste liitwalo House of God. Troman alikuwa amejifunza kwa mwalimu Mhawaii. Katika makanisa hayo gitaa hilo lilichukua nafasi ambayo kwingine huwa ya kinanda: linaongoza sifa, linamjibu mhubiri, linapandisha watu. Vizazi vilivyofuata viliongeza pedali. Kwa miaka mingi watu wa nje hawakujua lolote, hadi rekodi zilipoanza kusambaa miaka ya 1990. Msikilize Robert Randolph, aliyekulia katika ibada hizo. Hutaisikia huzuni ya Tammy Wynette, utataka kusimama.

Nako Nigeria, King Sunny Adé aliliingiza gitaa la pedali katika muziki wa juju. Mpigaji wake, Demola Adepoju, anasikika katika albamu "Juju Music" ya mwaka 1982, akiteleza katikati ya ngoma zinazoongea. Kwangu mimi hapo limepata nyumba ya pili. Kiyoruba ni lugha ya toni, ngoma zake hupanda na kushuka kama maneno, na hili ni gitaa ambalo limeundwa kwa ajili ya kupanda na kushuka. Mwaka 1986 Paul Simon alipotoa wimbo wake "Graceland", gitaa la pedali lililomo ndani yake lilipigwa na Adepoju. Yaani wimbo unaotaja nyumba ya Elvis Presley, wenye ladha ya kantri, na mlio unaoupa ladha hiyo umetoka mkononi mwa Mnigeria. Wangapi kati yetu tumeusikia redioni bila kujua?

Nyumbani

Hata Kenya tumo katika hadithi hii, na tulianza mapema. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri, alitumia gitaa la chuma katika baadhi ya rekodi zake kuanzia 1928, na mwaka 1929 alirekodi na Joe Kaipo, mpigaji wa kutoka Hawaii. Santuri za Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipopita huko akirekodi nyimbo, alikuta jina lile limekuwa "Chemirocha". Wasichana walimwimba Chemirocha kwa ala yao ya nyuzi, wakimfanya kiumbe nusu mtu, nusu paa. Rodgers alikuwa amefariki tangu 1933. Hakuwahi kujua kwamba sauti yake, iliyokuwa imejifunza kutembea na gitaa la Wahawaii, ilikuwa imepewa jina jipya huku kwetu.

Tazama walichofanya wale wasichana. Hawakuiacha sauti ngeni ipite bila jina. Waliipa jina la kwao, wakalitungia hadithi. Sisi wenye simu zenye nyimbo za dunia nzima tunaridhika kusema "ile kitu inalia pale nyuma".

Na kantri yenyewe tunayoicheka imejaa kazi ya kusikilizwa. Charley Pride, mtoto mweusi wa wakulima wa pamba wa Mississippi, alirekodi tamasha mwaka 1968 akiwa na Lloyd Green kwenye gitaa la pedali. Albamu hiyo inatosha kuwa darasa zima. Green huyohuyo anasikika katika rekodi za Don Williams za miaka ya 1970, zile ambazo wazazi wetu huzipiga Jumapili alasiri wakidhani hatusikii.

Kwa nini halitajwi?

Sababu ya kwanza nimeshaitaja: mlio wake unajificha ndani ya sauti nyingine. Ya pili ni kazi yake. Mpigaji mzuri hunyamaza mwimbaji anapoimba na hujaza nafasi anapotua, kwa hiyo akifanya kazi vizuri humwoni. Ya tatu ni biashara. Santuri nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hazikuandika majina ya wanamuziki wa studio. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950 maprodyusa wa Nashville, akiwemo Chet Atkins, waliamua kulisukuma nyuma gitaa la chuma pamoja na fidla ya kijijini, wakaweka fidla za mjini na kwaya ili wauzie watu wa mjini. "He'll Have to Go" ya Jim Reeves ya mwaka 1959 ni zao la mtindo huo, na ukiisikiliza hutalipata gitaa hili. Mlio ulionekana wa kishamba. Tunazijua hizo. Ni maneno yale yale tuliyoambiwa kuhusu ohangla, isukuti na mwomboko.

Ndiyo maana nasema si suala la muziki tu. Baada ya miaka miwili wengi wetu wa kitivo cha elimu tutakuwa mbele ya darasa. Mtoto atauliza, "Mwalimu, hiyo inayolia ni nini?" Ukimjibu "ni muziki wa Wazungu", utakuwa umewafuta kwa sentensi moja mwanafunzi wa Laie, ndugu wa House of God na Adepoju wa Nigeria. Ukimwambia jina la ala, inavyofanya kazi, na mikono iliyopitia, umempa sikio jipya, na gharama yake ni dakika tano.

Kazi ya wiki

Sikiliza nyimbo nne: "Slowly" ya Webb Pierce; "Teach Your Children" ya Crosby, Stills, Nash & Young ya mwaka 1970, ambapo Jerry Garcia ndiye mpigaji; "Tiny Dancer" ya Elton John ya mwaka 1971, mpigaji B.J. Cole, na "Graceland". Katika kila wimbo, inua kidole gitaa la pedali linapoingia na ukishushe linaponyamaza. Fanyeni wawili wawili mlinganishe. Mara ya kwanza mtabishana. Mara ya tatu vidole vitapanda pamoja.

Kisha chukua wimbo mmoja wa benga ambao babu yako anaupenda. Usikilize mwendo wa gitaa la solo na unyatiti uliojificha ndani yake. Muulize babu nani analipiga gitaa hilo, si nani anaimba. Akikuambia jina, liandike.